Mkeka wa Zuhura Umebaki Juu ya Kabati

Jumamosi. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika ghafla, na sasa jua la jioni linawaka juu ya matope. Nimekaa kizingitini kwangu, miguu ina tope la bondeni mpaka kwenye vifundo, na sijataka kuiosha. Nimeduwaa. Nimekaa kama kuku aliyemwagiwa maji.

Mnaonisoma siku zote mnajua kwamba skuli sikuiona. Mimi nasema, simu inaandika, na binti yangu Rukia anapitisha jicho kabla hajayaweka maneno humu mtandaoni. Leo nimemwambia asinipunguzie neno hata moja, wala asinipake sukari.

Zuhura amefariki Jumanne.

Sikuwaambia mapema kwa sababu nilikuwa na kazi. Nimemwosha kwa mikono yangu, nimemfukizia udi, nimemvika sanda, na muda wote huo sikulia, maana mwosha akilia kazi inaharibika. Nililia baadaye, jikoni, nikiwa nachambua mchele wa watu wa msibani. Ikabidi ule mchele niuoshe upya.

Zuhura hakuwa jirani tu. Tumekua pamoja, tumechezwa unyago pamoja, tumeolewa msimu mmoja, na waume zetu walipotangulia tukabaki sisi na kibaraza chake. Kila alasiri tulikuwa tunakaa pale tunasuka ukili, ule ukanda wa majani unaoshonwa kuwa mkeka. Yeye anasuka, mimi nasema. Vidole vyangu si vibaya, lakini vya Zuhura vilikuwa vya peke yake. Ukili wake ukiupitisha kiganjani husikii mahali alipoungia jani jipya, utadhani umeota hivyo kutoka ardhini.

Basi Zuhura alijisukia mkeka wake wa kuzikiwa.

Kwa wasio wa huku, niwaeleze. Kwetu maiti akishalazwa kaburini zinawekwa mbao, na juu ya mbao unatandikwa mkeka, ili mchanga usipenye ukamwangukia. Ule mkeka haurudi nyumbani. Unakwenda naye. Mbao zinaoza, ukindu wa mkeka unaoza, mtu anarudi kuwa udongo, wote wanakwenda pamoja na hakuna anayemsubiri mwenziwe. Ndivyo tulivyokuta, na ndivyo Zuhura alivyotaka. Aliusuka mweupe, hakuutia rangi hata jani moja, akasema anakokwenda hakuna wa kumpambia. Akaukunja, akaufunga kwa kipande cha kanga, akaupandisha juu ya kabati la chumbani kwake.

Siku hiyo nilikuwepo. Nikamcheka, nikamuuliza ana haraka ya nini, mbona mimi wangu sijauanza. Akanitazama juu ya miwani yake.

"Wewe endelea kusema tu," akaniambia. "Utazikwa na turubai."

Huyo ndiye Zuhura wangu. Alikuwa hasemi sana, lakini akisema unabaki nalo mwaka mzima.

Ana mtoto mmoja, Athumani. Athumani anafanya kazi kwenye kile kiwanda cha mikeka ya plastiki kilichoko njia ya kwenda Mapinga. Jina la kiwanda sitaji, na sikuja hapa kugombana nacho. Ndicho kilichompa ajira, na kwa mshahara wake mama yake aliacha kuvujiwa, akapata bati jipya na choo cha ndani. Mikeka yenyewe mnaijua. Iko kila msikiti, kila harusi, kila sebule, myekundu, ya kijani, ya maua, ya tausi. Mimi mwenyewe ninao uani, naanikia muhogo.

Sasa sikilizeni ya leo.

Matanga tulivunja jana. Asubuhi ya leo tukaanza kutoa vitu vya marehemu, nguo za kugawa upande mmoja, vyombo upande mwingine. Mimi nikapanda kigoda nifute vumbi juu ya kabati. Mkono ukagusa kitu. Nikakijua kabla sijakiona, maana ukindu una joto lake hata ukikaa gizani.

Mkeka wa Zuhura ulikuwa pale pale, umefungwa kwa kipande chake cha kanga.

Nilishuka taratibu, nikakaa kwenye kitanda chake. Kwanza nikadhani labda alisuka wa pili bila kuniambia. Lakini Zuhura angesuka mkeka mimi nisijue? Nikaukumbatia ule mkeka, najiuliza: sasa kule chini wamemtandikia nini?

Sisi wanawake makaburini hatuendi. Jeneza likishatoka mlangoni, yanayofuata tunayasikia kwa wanaume. Jumanne ile nilikuwa ndani nakusanya ndoo na sabuni, nikasikia uani wanauliza mkeka, nikasikia sauti ya Athumani inajibu kwamba mkeka anao, ameshautoa. Nikajua ni huu. Kwa nini nisijue? Mkeka wa Zuhura nyumba nzima ilikuwa inaujua.

Athumani alikuwa nje anafungua kamba za turubai la msiba. Nikamwita. Akaingia, macho bado mekundu, masikini. Nikauweka mkeka kitandani.

"Huo wa nini, mama?" akaniuliza. Ananiita mama tangu mdogo.

"Huu ndio mkeka wa mama yako. Wewe ulimzika na upi?"

Na hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu hakuinamisha kichwa. Alinijibu kwa fahari. Alisema alimpelekea mama yake mkeka mpya kabisa, uliokuwa bado kwenye nailoni yake, aliousimamia mwenyewe kwenye mashine mwanzo mpaka mwisho. Alichagua kijani kwa kuwa mama yake alipenda kijani. Aliuweka amletee sikukuu. Wa juu ya kabati alikuwa anaujua, lakini aliuona umekaa miaka, umeingia vumbi, na pembe moja panya amekwishaijaribu.

Kwetu maiti hapewi kilichokaa. Sanda inachanwa kwenye jora jipya, sabuni inafunguliwa mpya, udi mpya. Na mtoto akafanya kama tulivyomlea. Alitafuta kilicho kipya kuliko vyote nyumbani, akampa mama yake.

"Nilitaka azikwe na kazi ya mikono yangu," akasema.

Jamani.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwagie maneno. Mnanijua. Yakarudi yote, nikayameza makavu. Nikamuuliza kitu kimoja tu, kama mtu asiyejua, na kweli sikuwa najua: mkeka wenu unaoza?

"Hauozi, mama. Ndivyo tunavyousifia kwa wateja."

Akasikia mwenyewe alichosema. Nilimwona. Ile fahari ilimtoka usoni polepole, akashuka akakaa sakafuni, akaushika mkeka wa mama yake pembe ile ya panya, akawa anaipapasa kwa kidole gumba. Mwanamume mzima mwenye ndevu.

"Kwa hiyo mama atakwisha," akasema, "mkeka wangu utabaki."



Kisha akainuka kwa nguvu, akatoka, akaenda kuchukua jembe. Nilimkimbilia na miaka yangu hii, nikamshika shati mpaka kikakatika kishikizo. Nikamwambia huwezi kwenda kumfukua mama yako kama muhogo. Twende kwanza kwa sheikh.

Sheikh wetu ni mtu mpole. Alitusikiliza, akasema kaburi halifukuliwi kwa ajili ya mkeka. Akamwambia Athumani kwamba mama yake yuko kwa Mola wake, na hakuna plastiki ya kuziba njia hiyo. Athumani akatulia kidogo, na mimi nikatulia. Tulikuwa tumeshaaga ndipo sheikh akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba tusijione ni peke yetu. Yeye ndiye anayesimama pale kila tunapozika, na siku hizi mikeka inayoshuka ni hiyo hiyo ya dukani. Watu wa kusuka hawapo, ukindu hauonekani, na maiti hangojeshwi. Anaona, ananyamaza.

Nikamuuliza ni wangapi. Akasema hakuwahi kuhesabu.

Nimezaliwa hapa. Baba yangu yuko pale, mama yangu, mume wangu, watoto wangu wawili walionitangulia. Kila Ijumaa nawaombea wote kwa pamoja, na siku zote nikifumba macho naona mchanga mweupe na mizizi ya milangilangi. Leo nimefumba macho nimeona kitu kingine.

Chini ya makaburi yetu kuna tausi wa plastiki.

Tulirudi nyumbani. Na tulipofika tukakuta gari la kiwanda limesimama mlangoni.

Alikuja binti mmoja anaitwa Neema, ndiye anayeshughulika na wafanyakazi kule kiwandani. Mtu wa Dar, lakini adabu anayo. Alijitanda kanga kabla ya kushuka, akanipa shikamoo yangu, nikamwitikia marahaba, akatoa pole kwa niaba ya wenzake. Wamemletea Athumani gunia la mchele na katoni za maji ya chupa. Halafu vijana wakaanza kushusha mikeka. Akaeleza kwamba ni sadaka ya kiwanda msikitini, kwa ajili ya marehemu.

Niliitazama ile mikeka. Ya kijani.

"Mwanangu, mchele tunashukuru," nikamwambia. "Hiyo mikeka rudi nayo."

Athumani akatazama chini. Huyo ni bosi wake. Kule nyuma wanawake waliokuwa wanaosha vyombo wakanyamaza wote mara moja, hata sufuria hazikugongana. Neema akaniuliza kwa upole kama kuna kosa wamefanya. Nikamwambia kaa. Akavua viatu akakaa, nikamweleza yote, kabati, kaburi, sheikh, sikumficha kitu. Nilidhani atanijibu kwa yale maneno ya redioni, kwamba kampuni inajali, kampuni inathamini. Hakusema hivyo. Aliuzungusha mfuniko wa chupa ya maji mkononi mwake. Kisha akaniuliza swali ambalo mpaka sasa linaniwasha.

"Bibi, kiwanda kifanye nini? Tukifunga, Athumani atakula wapi?"

Nilitaka kumwambia fungeni. Lilikuwa ulimini. Nikainua macho, nikaliona bati jipya la Zuhura juu ya kichwa changu, na mvua ya alfajiri haikuwa imetudondokea hata tone.



Nilimwambia ninachokijua mimi, cha nyumbani. Nikasema mimi nikizaa mtoto, akikua akawa mlevi, akalala mtaroni, yule bado ni wangu. Siwezi kusema nilishamwoza, hanihusu. Sasa nyie mikeka yenu ikichakaa inalala mtaroni, inakwenda na mvua mpaka kwenye mikoko, tunaivua pamoja na kamba na kaa, na hakuna hata mmoja wenu anayekuja kusema huyu ni mtoto wangu.

Neema akasema ni kweli. Akamgeukia Athumani akamuuliza kama mikeka mikuukuu inaweza kuyeyushwa ikafanywa mipya, maana yeye ni mtu wa ofisini. Athumani akasema inawezekana. Vipande vinavyokatwa pembeni wao wenyewe huvirudisha kwenye mashine kukiwa na upungufu. Tatizo la mikeka iliyokwisha kutumika ni mchanga na mafuta ya pilau, vinaua mashine, ndiyo maana wakubwa wanaona nafuu kuagiza plastiki mpya.

"Basi ioshwe," nikasema. "Sisi huku tunaosha maiti. Tutashindwa kuosha mkeka?"

Mmoja kule kwenye sufuria akacheka. Neema naye akacheka, halafu akakumbuka yuko msibani akajifunika mdomo. Nikamwambia cheka mwanangu, Zuhura mwenyewe angecheka.

Nikamwambia la pili. Mkeka wa kuzikia hauwezi kutoka kwenye mashine, hata mfanye nini. Huo unatoka kwenye mkindu, na mkindu umebaki bonde moja tu, lile lililo nyuma ya ukuta wao. Kwingine kote watu wamekata viwanja. Sisi wasukaji wote wa huku, wachache tuliobaki, tunategemea bonde lile.

Nikamwona amebadilika uso. Akasema hapendi kunificha. Lile bonde lipo kwenye mpango. Linajazwa kifusi mwaka huu, lipate kuwa uwanja wa malori.

Nilinyanyuka nikachukua kanga yangu ya pili. Nikamwambia twende.

Nilipanda gari la kiwanda, nikakaa mbele, Athumani nyuma. Nilikuwa sijafika bondeni muda, magoti yananisumbua, na ukindu wa mwisho tuliletewa. Nilikuwa nimejiandaa kumwonyesha Neema kitu kizuri. Nilikuwa nimeshapanga na maneno: tazama maji haya, tazama kivuli hiki, hapa ndipo Zuhura na mimi tulipokuwa tunakuja tukiwa wasichana, tunakata majani machanga tunaimba.

Mikindu ipo. Imesimama kwenye maji kama zamani. Lakini upepo unavuka ule ukuta, na kule ndani vile vipande vya pembeni vinarundikwa wazi, vyembamba kama nyuzi. Vimekuja vyote bondeni. Kila mwiba una uzi. Vimejitanda juu ya maji, vimejisokota kwenye mashina, vyekundu, kijani, buluu, utadhani kulikuwa na harusi ya majini na hakuna aliyefagia.

Nikasema astaghfirullah. Nikadhani nimemaliza kushangaa.

Kuna ndege mdogo wa manjano, mnana. Anachana jani la mkindu kwa mdomo, jembamba, sawasawa na tunavyochana sisi, anasuka nyumba yake inaning'inia juu ya maji ili nyoka asiifikie. Zuhura alikuwa anamwita fundi mwenzangu. Alikuwa anaweza kusimama anamtazama mnana mpaka nikamwacha nikaenda zangu.

Nikainua macho kutafuta viota.

Viota vilikuwa vyekundu.

Sikuamini, nikamwambia Neema aangalie yeye mwenye macho mazima. Akaangalia. Vilikuwa vyekundu na kijani, vimesukwa vizuri, kazi safi haina kasoro, kwa nyuzi za kiwandani. Ndege ana majani ya mkindu miguuni pake na ameacha kuyachana. Kaona kilicho tayari, kinang'aa, hakimpi taabu.

Kama sisi tu.

Athumani aliingia majini mpaka mapajani. Akasimama chini ya kiota kimoja, akasema bila kugeuka, "Kijani hii ni ya zamu yangu." Pembeni ya kile kiota alikuwa ananing'inia kinda, mguu umenaswa kwenye uzi, amekaukia pale. Majani ya mkindu yangekatika. Uzi haukukatika. Athumani alimfungua kwa subira, kama anamfungua mtu aliye hai, akamweka kiganjani, akarudi naye nchi kavu. Neema alikuwa analia. Mimi sikulia. 

Nikasema nyuzi zikusanywe zote zichomwe, hapa hapa, leo hii.

"Mama, moshi wake ni sumu," Athumani akaniambia. Kisha akanitazama. "Na wewe jiko lako unawashia nini?"

Nilitaka kumwambia asinijibu vibaya. Nikakumbuka. Kila jioni nakata kipande cha mkeka mkuukuu, nakitia chini ya mkaa, kinashika mara moja. Kila mwanamke wa mtaa wetu anafanya hivyo. Zuhura alikuwa anafanya hivyo, jiko lipo katikati yetu, tunasuka. Kifua chake kilichokuwa kinambana sitaki kukifikiria leo. Sitaki.

Neema akapiga simu kwa mwenye kiwanda, yuko Dar. Akaniambia huenda jibu likachelewa, anirudishe kwanza nyumbani. Nikatafuta gogo nikakaa. Nikamwambia mwambie kuna bibi kizee amekaa nyuma ya ukuta wako, na mpaka umjibu yeye yupo, na adhuhuri ataswali hapa hapa.

Akajibu. Walizungumza sana, nusu kwa Kiingereza. Mwishowe Neema akanieleza. Rundo la vipande litajengewa banda na litafungwa wavu, hilo limepita, wanaanza wiki ijayo. Kifusi hakitamwagwa bondeni mpaka mwenyewe aje alione kwa macho yake. Na habari ya kukusanya mikeka mikuukuu, amesema atafikiria.

Mimi mtu mwenye pesa akisema atafikiria huwa nasikia hapana. Lakini Neema akasema mikeka itakayoletwa getini yeye ataipokea kwa mkono wake, aione itarundikwa mpaka wapi ndipo mkubwa aache kufikiria. Nimempenda. Nimemwambia akija tena aje mchana, ale.

Turudi kwenye mkeka.

Tulipofika nyumbani Athumani alimzika yule kinda chini ya mlimau wa mama yake. Kisha akaingia chumbani, akatoka na ule mkeka mweupe, akaniwekea mapajani. Akasema niuchukue mimi. Nikamwambia sichukui, ni wa mama yako.

"Mama alisema utazikwa na turubai," akanijibu. "Nilikuwa nje, nilimsikia."

Tulicheka. Wallahi tulicheka, mimi na yeye, kwenye nyumba ya msiba, mpaka majirani wakachungulia kuona nani amepatwa na wazimu. Na kicheko kilipokwisha ndipo nikalia kile kilio changu cha Jumanne, chote, na yeye akanishika bega.

Mkeka sikuuchukua. Usiku ningekuwa nautazama kama mali. Tumekubaliana tuupeleke msikitini, uwe wakfu. Atakayetangulia katika mtaa huu, tajiri au fukara, mkeka wa Zuhura utashuka naye. Hata akiwa yule jirani aliyemnyima Zuhura maji wakati wa ukame, basi, atatandikiwa kazi safi asiyostahili, na aone haya huko huko.

Kesho asubuhi mimi na Athumani tunakwenda bondeni. Tunachukua panga la ukindu na magunia ya kukusanyia nyuzi. Anataka nimfundishe kusuka. Nikamwambia wanaume wa huku hawasuki mikeka, watamcheka kijiweni. Akasema yeye ndiye aliyesuka mingi kuliko wanawake wote wa Bagamoyo, ni vile tu alikuwa anabonyeza kitufe. Nitamfundisha. Mkeka ukienda kaburini na maiti, msikitini pawe pamebaki mwingine.

Jioni hii nimewasha jiko kwa makumbi ya nazi. Yamenitoa machozi na chai imechelewa, Rukia ananung'unika. Atazoea. Nami nitazoea.

Sasa Athumani, najua unanisoma humu, kwa hiyo nakusemea mbele za watu asije mtu akadai hakusikia. Wangu naanza kuusuka kesho, mweupe, bila rangi. Vidole vyangu si vya mama yako, nitachelewa. Nikiwahi kuumaliza nitakuonyesha nilipouweka, na wewe uushike kwa mkono, usikisie. Na nikiondoka kabla sijaumaliza, chukueni ukili hivyo hivyo ulivyo, mfupi, haujashonwa, mnitandikie kadiri utakavyofika. Miguu ikibaki nje, mchanga na uniangukie.

Turubai sitaki.